Maji ya Mumi na Jina la Mama

S.L.P. 41,
Kendu Bay.
9 Oktoba, 1966.

Mpendwa mdogo wangu Cephas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa shemeji yako Zadock, ambaye siku hizi tunaamkiana tu asubuhi na kuagana usiku, na sababu utaiona huko mbele. Kwa jumla hatujambo. Mvua zimeanza, mahindi yameshika, na magoti yangu yananiuma kama kawaida kila wingu likipita. Je, wewe hujambo? Kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa sita kimekuacha? Na wifi yangu je, jino lake ameling'oa, au bado analibembeleza kwa karafuu? Watoto wanasoma?

Mwambie wifi kwamba nimeandika Kiswahili makusudi ili aisome barua hii mwenyewe, asingoje wewe umtafsirie. Nakujua. Leo ungeruka nusu.

Basi, salamu zimefika. Sasa tafuta kiti ukae, maana dada yako amekasirika, na hasira yenyewe ina mwezi mzima sasa, haijapoa hata kidogo. Nimewakasirikia watu watatu. Wa kwanza ni Mzee Onsongo. Wa pili ni mume wangu. Wa tatu ni wewe, Cephas, na ni wewe uliyeanza.

Mwezi wa saba ulimwandikia Mzee Onsongo. Sikukatazi. Mlisoma darasa moja, na leo yeye ni mzee wa kanisa letu, ana haki ya kupata barua kama watu wengine. Lakini nani alikutuma kumweleza habari za mtungi wa mama? Ulimwandikia kwamba huko Tanga umeona okidi za kila rangi kwenye baraza za matajiri, na hakuna hata moja inayofikia ya mama, kwa sababu ya mama ilinyweshwa maji ya vichwa vya mumi. Najua ulikuwa unajisifu. Mtu akikaa mbali husifia hata moshi wa jikoni kwao. Lakini ndugu yangu, umesahau kwamba sisi ni Wasabato, au chumvi ya bahari imekupanda kichwani?

Wifi, nikueleze wewe ambaye hukuzaliwa huku. Mumi ni yule samaki wa ziwani mwenye sharubu, mweusi, anayeteleza. Hana magamba. Sisi hatumli, Maandiko yamekataa. Majirani zetu wengi wanamla, na wanamsifu sana, hiyo ni shauri yao. Sasa mama mkwe wako, marehemu Nyasuguta, Mungu amlaze pema, alikuwa na okidi.

Hiyo okidi haikununuliwa. Miaka kumi na zaidi iliyopita marehemu baba alikuwa msimamizi wa watu waliofyeka vichaka kule Magunga ili kuwafukuza mbung'o. Mama alimtembelea akakuta miti imelazwa chini inachomwa, na juu ya matawi kumekaa mafungu ya vijiti vinene kama miwa midogo, na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Watu walisema ni kupe wa miti, acha yaungue. Mama aliingia kwenye moshi akatoa fungu moja pamoja na tawi lake, akalibeba kichwani, akapanda nalo lori mpaka Homa Bay, na kutoka hapo mpaka hapa. Baba alisema mke wake ameleta kuni zenye maua. Mke wa mchungaji wetu wa zamani, Mchungaji Mayaka, ndiye aliyetuambia kwamba linaitwa okidi.

Mama akalifunga kwenye gogo karibu na jikoni, likakaa mwaka mzima bila kufa na bila kuchanua. Hapo ndipo akaanza kulisoma. Alijaribu majivu, likanuna. Alijaribu maji ya kuoshea mchele, likatoa jani moja la shukrani. Samadi ya ng'ombe iliyokauka msimu mzima, ikaloweshwa gunia zima ndani ya pipa na kuchujwa, hiyo ililifurahisha. Lakini kilicholifanya lichanue ni vichwa vya mumi. Pale ufukoni alivipata bure kwa rafiki yake Dolphine, muuza samaki. Akavifukia kwenye mtungi na majani makavu na maji, akaufunga mdomo kwa kitambaa, akauacha wiki sita nyuma ya jikoni. Harufu yake unaikumbuka. Kikombe kimoja cha maji hayo aliyachuja akayatia katika debe zima la maji ya mvua, mpaka yawe mepesi kama chai ya siku ya mwisho wa mwezi. Kwanza alilowesha mizizi kwa maji matupu, halafu ndipo akalinywesha hayo, asubuhi na mapema kabla ya jua, mara moja kwa wiki, na likimaliza kuchanua anaacha lipumzike. Alizoea kusema, "Okidi haili. Inaonja." Na mtu akimuuliza kwa nini mumi katika nyumba ya Msabato, alijibu, "Sisi hatumli, lakini ua halijabatizwa."

Tangu mwaka wa hamsini na nane, kila lilipochanua, ua la mama lilikaa kwenye meza ya kanisa. Wewe mwenyewe umelibeba.

Sasa sikia alichofanya rafiki yako. Sabato ya tarehe kumi Septemba, wakati wa matangazo, Onsongo alisimama na barua yako mkononi. Akasoma kile kipande cha mtungi mbele ya watu wote, taratibu, kama anasoma hukumu. Halafu akaikunja akasema, "Ndugu na dada, hii maua tumekuwa tukiweka mbele ya Bwana, kumbe imelishwa mumi. Marehemu Mama Nyasuguta alijua na alinyamaza. Miaka minane tumeletewa najisi hapa, na sisi tunaimba tu."

Kanisa lote likaguna. Cephas, mimi nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Kusema ua ni najisi, huo ni ujinga, na ujinga nimezoea kuishi nao. Lakini kusema mama alinyamaza! Yule mama ambaye aliwahi kurudisha shilingi moja sokoni kwa sababu muuzaji alikosea hesabu, leo anaitwa mficha mambo mbele ya watu aliowazalisha watoto wao! Na hayupo, hawezi kujibu.

Nilisimama. Nilisema mama hakuficha kitu, alimuuliza Mchungaji Mayaka siku ya kwanza kabisa kabla ua halijaingia kanisani, na mchungaji akamruhusu. Onsongo akaniangalia kwa upole ule wake wa kuudhi. Akauliza, "Mama Monicah, wewe ulikuwako?"

Sikuwako. Mwaka ule nilikuwa nimeolewa naishi Migori. Mama ndiye aliyenisimulia. Singeweza kusema uongo ndani ya kanisa siku ya Sabato, nikasema sikuwako. Akasema basi hayo ni maneno ya kusikia tu, nikae chini, na maua yale hayataingia tena mpaka yasafishwe.

Mpaka yasafishwe! Ua linasafishwaje? Linaingizwa birikani libatizwe?

Na ujue alisema hivyo wakati gani. Monicah wangu anaolewa Jumapili ya tarehe ishirini Novemba. Yule mjukuu ambaye mama alimpenda kuliko sisi sote. Mwezi ule kabla hajafariki, mama alimshika mkono akamwambia, "Siku ya harusi yako nitakuwa pale mezani." Sote tulielewa. Tangu hapo nimelilea ua lile kwa mtungi uleule na kwa kikombe kilekile, na mwaka huu, kana kwamba limepata habari, lilitoa mashina matano ya maua kwa mara moja. Halijawahi kutoa zaidi ya matatu. Nilikuwa nayahesabu kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto.

Sasa nakuja kwa shemeji yako. Wiki iliyofuata nilikwenda Isebania kwa binamu yetu Nyarangi, yule fundi wa cherehani, kushonesha gauni la Monicah. Nilikaa siku nne. Zadock unamjua, mtu wa amani, mtu asiyependa kelele, mtu ambaye nyoka akiingia ndani atamkaribisha kiti ili pasiwe na ugomvi. Akawaza peke yake. Akawazua kwamba ikiwa ua limechafuka kwa mbolea ya samaki mchafu, basi litasafika kwa mbolea ya mnyama safi. Akaenda zizini kwetu asubuhi, akachukua mavi mabichi ya ng'ombe yangali yanafuka moshi, akaisiliba mizizi yote ya okidi ya mama kama mtu anayesiliba ukuta wa nyumba mpya. Akaisugua vizuri kwa kiganja, asiache ufa.

Niliporudi nilikuta inzi kabla sijaona ua. Nikauliza, "Zadock, hii ni nini?"

Akasema kwa furaha, "Ng'ombe anacheua na kwato yake imepasuka. Hii ni mbolea safi, hata Onsongo amekuja ameona, amesema sasa ni sawa. Nilitaka kukusaidia, Mama Monicah."

Kunisaidia! Cephas, mavi ya ng'ombe si mabaya. Ubichi ndio mbaya. Mama aliyakausha msimu mzima na bado aliyapunguza kwa pipa la maji. Okidi si mgomba. Mizizi yake inaishi hewani, inavuta umande, ukiifungia ndani ya joto inaiva. Nilibandua lile tope kwa mikono yangu nikilia, na mizizi iliyokuwa myeupe na migumu ikachubuka vidoleni kama maganda ya viazi vilivyochemka. Majani yameungua ncha. Mashina manne ya maua kati ya matano yamelala, machipukizi yamedondoka chini, kuku wakayala.

Nilimwambia Zadock maneno ambayo sitayaandika kwa sababu wifi anasoma. Kusema kweli yeye simchukii. Alikosea kwa kutaka nipate amani. Lakini hajui bado kwamba amani ya namna hiyo ndiyo inayonifanya nikose usingizi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Onsongo. Unajua bustani yake ilipo, kule chini karibu na maji, ambako viboko hutoka usiku kula majani. Nilimkuta ameinama kwenye sukuma wiki zake, nzuri kweli, majani mapana kama masikio ya ndovu. Na katikati ya matuta nikaona marundo. Sikumwamkia hata, Mungu anisamehe.

"Mzee, hii mavi iko kwa sukuma yako ni ya nyama gani?"

Akasimama. "Hiyo ni ya kiboko. Wanakuja usiku, wanaacha hapo, mimi natandaza tu. Inafanya shamba vizuri sana."

"Kiboko anacheua?"

Akainama, akang'oa gugu moja.

"Kwato yake imepasuka vile Walawi inasema?"

"Mama Monicah, usiniletee kelele kwa boma yangu."

"Sileti kelele, nauliza tu. Wewe unakula hiyo sukuma kila siku, halafu unasimama mbele ya watu unasema ua la mama yangu ni najisi. Ua hakuna mtu anakula! Linaangaliwa tu!"

Dolphine alikuwa anapita na beseni lake la samaki kichwani, akasimama kusikiliza, akaanza kucheka mpaka beseni likatikisika. Akasema, "Min Monicah," ndivyo Wajaluo wasemavyo Mama Monicah, "muulize pia nyanya zake zinakunywa nini. Mimi ndiye humwagia hapo maji ya kuoshea mumi. Yeye mwenyewe aliniomba!"

Unafikiri aliona aibu? Aliona kidogo, kwenye shingo. Lakini mtu aliyekwisha kusema neno mbele ya kanisa ni kama aliyekwisha kuvuka mto, hataki kurudi alowe mara ya pili. Alikiri kwa shingo upande kwamba habari ya mbolea labda inahitaji kufikiriwa. Halafu akasema, "Lakini mambo ya Mama Nyasuguta ni mengine. Hiyo si mbolea. Hiyo ni kunyamaza. Kama kulikuwa na ruhusa ya mchungaji, nani alisikia?"

Na hapo, ndugu yangu, ndipo aliponishika pabaya.

Kwa sababu Mchungaji Mayaka alikufa, na mkewe alirudi kwao Kisii akamfuata kaburini. Mama naye amekufa. Siku ile ya mwaka wa hamsini na nane palikuwa na watu watatu tu nyuma ya jikoni. Wa tatu ulikuwa wewe, umekuja likizo, umeshika debe. Mama alinisimulia mara nyingi, na hakuna mara moja aliyobadili neno. Mchungaji alikuja kula mchana, akasikia harufu, akauliza kuna mnyama gani amekufa. Mama hakumzungusha. Alimfungulia mtungi, akamwonyesha vichwa vya mumi na sharubu zake, akamuuliza kama ua lililonyweshwa maji hayo linaweza kuwekwa mbele za Mungu, maana likiwa haliwezi atalirudisha Magunga. Na mchungaji akasema, "Bwana alisema msile. Hakusema msimwagilie." Halafu akaomba chupa moja kwa ajili ya waridi za mkewe, na ni wewe uliyembebea chupa ile mpaka nyumbani kwake, umeziba pua.

Ulisikia au hukusikia, Cephas? Ulibeba au hukubeba?

Basi kwa nini uliandika habari za mumi kurasa mbili nzima, na hukuweka mstari mmoja wa yale? Ulikumbuka harufu, ulikumbuka sharubu, ulikumbuka idadi ya vikombe, ukasahau kwamba mama aliomba ruhusa! Hilo ndilo linaloniuma. Kalamu ni yako, na ndiyo iliyomtia mama matatani akiwa kaburini. Kalamu hiyohiyo ndiyo itakayomtoa.

Andika. Usimwandikie Onsongo kama rafiki, maana atasoma anachotaka. Liandikie kanisa. Taja siku, taja chupa, taja maneno ya mchungaji kama yalivyotoka, wala usiyapambe kwa Kiswahili chako cha Tanga. Tia sahihi na jina lako lote, Cephas Okemwa mwana wa Nyasuguta. Itume iwahi Sabato ya tarehe kumi na tisa Novemba, siku moja kabla ya harusi. Shemasi Pamela ameniahidi ataisoma yeye mwenyewe, na Pamela akiahidi huyo Onsongo hawezi kumkalisha chini.

Ua lenyewe halijafa. Upande uliokuwa umekumbatia gogo haukufikiwa na kiganja cha Zadock. Nimeliosha kwa maji ya mvua siku tatu mfululizo, nimekata vyote vilivyooza kwa kisu nilichopitisha motoni, nimepaka majeraha unga wa makaa. Sililishi chochote sasa. Mgonjwa halishwi nyama. Limebaki shina moja la maua lenye vitumba kumi na kimoja, ukubwa wa maharagwe. Monicah huamka kabla yangu kwenda kuvitazama. Nilimwambia tunaweza kununua maua ya karatasi Kisumu kama watu wengine. Akasema, "Mama, nyanya alisema atakuwa mezani. Hakusema atatuma karatasi." Huyo ndiye mtoto niliyemzaa.

Kwa hiyo ujue hivi. Hata barua yako isipofika, ua litaingia kanisani. Monicah atalishika mkononi, na hakuna mzee wa kanisa aliyezaliwa anayeweza kumnyang'anya bi harusi ua mlangoni mimi nikiwa nyuma yake. Hilo niachie mimi. Lakini jina la mama siwezi kulishika mkononi nikaingia nalo. Hilo linaingia kwa barua yako, au linabaki nje.

Pamoja na barua hii nimetuma kifurushi. Ndani ya gunia na majani makavu ya mgomba kuna vijiti vitatu vya okidi ya mama, vyenye macho mazima. Nilitaka kuvizuia mpaka uandike. Nikavifunga, nikavifungua, nikavifunga tena. Mama hangekubali ua litumike kumlipisha mtu, hata wewe. Vifunge kwenye gogo, uvilowanishe asubuhi, usivipe kitu mpaka uone mzizi mpya umetoka na ncha yake ni ya kijani. Hapo utafute samaki wa kwenu huko, sijui mna samaki gani, yeyote aliyetupwa na watu, na ufanye kama ulivyomwona mama akifanya. Wifi akiuliza hiyo harufu ni ya nini, mwambie ni ya mama mkwe wake, amekuja kumtembelea.

Shemeji yako anakusalimu, naye ameomba niandike kwamba anajuta, nami nimeandika. Monicah anakusalimu, na anasema mjomba ambaye hawezi kuja harusini anaweza angalau kununua stempu. Dolphine anakusalimu. Nyarangi wa Isebania anakusalimu na anauliza kama wifi anavaa mikono mirefu au mifupi. Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na yule mdogo mara mbili.

Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, akutulize kikohozi, na akutie nguvu kwenye mkono ule wa kuandikia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata siku ninapokugombeza,

Rispa Nyanchoka